Mwalimu, Nilikusingizia Umeshika Miguu Yao

Mwalimu Deusi,

Shikamoo. Najua ungekasirika, maana ulinizidi miaka mitatu tu na kila nikikuamkia hivyo ulisema nakuzeesha. Sasa umetangulia, na aliyetangulia ni mkubwa, kwa hiyo ipokee tu.

Ni mimi Masanja, bodaboda wako. Naandikia hapa kijiweni Nyakahura, saa saba mchana, mvua inanyesha na abiria hakuna. Wenzangu wanadhani naandika barua ya posa, wanapita nyuma yangu wakichungulia. Waache wachungulie. Nina jambo la kukuungamia na sijui nianzie wapi, basi nalisema hapa juu kabla moyo haujanigeuka: Jumamosi ijayo ni ile marathoni ya viatu vya magurudumu ng'ambo ya mpaka, binti yako Jenista ameandikishwa, sijui kama atamaliza, na kosa ni langu. Langu mimi, si la mtu mwingine. Wewe nilikutia humo bure.

Kwanza nikueleze ulivyoondoka, kwa sababu wewe hukuona.

Kila mtu hapa alijua utakufa kwa lori. Kuna mama muuza ndizi hapo sokoni, alikuwa akiwaona wewe na vijana wako sita mnapita pembezoni mwa lami, mmejipanga mmoja nyuma ya mwingine na viatu vyenu vya magurudumu, anafanya ishara ya msalaba kabla hamjamfikia na mara nyingine mkishampita. Mimi nilikuwa nyuma yenu na pikipiki, kitambaa chekundu kwenye fimbo, nayapungia malori ya Rwanda na Burundi yawape nafasi. Mwaka mmoja na nusu sikuruhusu lori hata moja liwasogelee. Nilijiona askari kweli kweli. Halafu ukafia nyumbani, Jumanne asubuhi, umekaa kwenye kiti, kiazi kitamu hujakimaliza. Presha, wakasema.

Mama Jenista alinipigia simu. "Masanja, njoo na pikipiki." Nilipofika ulikuwa umeshaondoka, kila mtu aliliona hilo, hata mimi nililiona. Lakini sikuzima injini. Niliiacha inanguruma pale mlangoni, nikasema mpandisheni, mpandisheni tuwahi. Hakuna aliyekupandisha. Nilikaa juu ya pikipiki hivyo hivyo, mikono kwenye usukani, mpaka mzee mmoja akaja akageuza ufunguo akazima. Sikujua kitu kingine cha kufanya, Mwalimu. Mpaka leo sikijui.

Tulikuzika kwenu Keza, karibu na migomba ya mama yako. Gari lililokubeba lilikwenda polepole, na mimi nilikuwa nyuma yake. Tulipofika karibu na Benaco nikagundua kwamba nimeshika ile fimbo yenye kitambaa na njia nzima nimekuwa nayapungia malori. Nayo yalipunguza mwendo, moja baada ya jingine. Utingo mmoja alivua kofia.

Matanga yalipokwisha vijana wako walikuja kijiweni, wote sita, viatu vimening'inia mabegani kwa kamba. Kulwa, yule wa Mzee Ng'wandu, ndiye aliyesema, "Kocha, tunaanza lini?" Niligeuka kuangalia anaongea na nani.

Mimi, kocha! Mtu niliyevaa viatu vile mara moja tu, siku ile uliyonilazimisha kwenye uwanja wa shule, nikakumbatia mti wa goli mpaka ukanibandua vidole kimoja kimoja huku ukicheka. Ninachokijua ni migongo yao. Muda wote ule nimewaona kwa nyuma tu. Najua Kulwa anarusha mguu wa kulia nje utadhani anafukuza mbwa. Najua Jenista hainuki wala hashuki, kiuno chake kinabaki palepale kama aliyejitwika ndoo ya maji. Lakini kwa nini mmoja anachoka mapema na mwingine hachoki, hilo ulikuwa unalijua wewe. Ulikuwa ukimtazama mtu anavyofunga kamba asubuhi, unamwambia leo usiende mbali.

Nikakusanya maneno yako kama nilivyoyasikia kupitia upepo na injini. Pinda magoti! Usitembee, sukuma! Wa mbele akichoka apishe! Nikawa nayapiga kelele hayo hayo. Tofauti ni kwamba wewe ulijua lini useme na lini unyamaze, na mimi nilikuwa nayasema yote kila dakika, mpaka Jenista akaniambia kwa adabu kabisa, "Kocha, magoti tumeshapinda." Na uliwahi kusema kwamba wiki ya mwisho kabla ya mbio ndefu mtu apunguze mazoezi. Apunguze kiasi gani? Hukusema, au ulisema na lori likawa linapita.

Sasa nafika penyewe.

Kulikuwa na kitu kimoja tu ambacho nilikuwa na uhakika nacho. Beringi. Mtu aliyeendesha pikipiki miaka kumi na miwili kwenye vumbi la huku, kama hajui kitu kingine, anajua beringi. Viatu vyao vilikaa muda wote wa msiba bila kuguswa na magurudumu yalikuwa yanalia kama vifaranga. Nikasema hapa ndipo pangu, hapa sitamwaibisha Mwalimu. Nikavikusanya vyote. Kila kiatu magurudumu manne, kila gurudumu beringi mbili. Nilikaa chini siku mbili nazifungua moja moja. Nilichukua kopo langu la grisi, ile nzito ninayoweka gurudumu la nyuma la pikipiki, nikazishindilia kwa kijiti mpaka grisi ikafura pembeni. Nilipomaliza nilivitazama vile viatu vimepangwa ukutani nikajisikia fahari. Kwa mara ya kwanza tangu ufe nilijisikia wa maana.

Kesho yake tukaenda barabarani, na vijana hawakwenda.

Sina namna nyingine ya kusema. Walisukuma na hawakwenda. Kilio cha magurudumu kilikuwa kimekwisha, kimya kabisa, lakini kilima kile kidogo cha kabla ya Nyakahura ambacho walikuwa wanakipanda wakipiga soga, walikipanda wakihema. Nikasema ni msiba, bado miili haijarudi. Wiki ikapita, ya pili ikapita. Nikaanza kuwafokea. Niliwaita wavivu, Mwalimu, nikawaambia mnamwaibisha marehemu. Vumbi nalo lilikuwa linaingia kwenye ile grisi na kuifanya ugali, ila mimi sikujua, mimi nilikuwa nyuma na kitambaa changu nafoka.

Ndipo Mzee Ng'wandu akasema. Wewe unamfahamu, Msukuma mwenzangu, akishasema kitu sokoni kinafika Lusahunga kabla ya basi. Alisema, "Huyo mwalimu hajaondoka. Kazi yake haijaisha, ndiyo maana ameshika miguu ya watoto." Akamtoa Kulwa mazoezini mpaka mambo yatengenezwe. Wengine wakaanza kuogopa. Na mimi ningewacheka, maana wewe na mimi tulikuwa tunacheka maneno ya namna hiyo. Lakini kila siku nilikuwa nayaona kwa macho yangu: watoto wazima, wenye nguvu, wanasukuma na kuna kitu kinawashika. Nikaamini.

Nikaamini, Mwalimu. Niliwasha pikipiki nikaja mpaka Keza. Mama yako alinipokea vizuri, akadhani nimekuja kukusalia rozari, akanionyesha njia ya kwenye migomba ambayo naijua. Sikumwambia nilichokuja kufanya. Nilisimama pale kwenye kaburi lako nikakukemea. Nilisema waachie watoto. Nilisema kama una kinyongo na mimi kwa kuwa nimechukua nafasi yako nishike mimi, mimi ndiye ninayefoka, lakini Jenista mwachie, ni damu yako. Nilisema na neno jingine baya ambalo silirudii hapa. Halafu nikanywa uji wa mama yako nikaondoka, na kesho yake miguu ikawa mizito vilevile. Basi nikakukasirikia zaidi.

Tatizo ni kwamba maneno ya Mzee Ng'wandu yalimfikia Jenista pia. Mimi nilitegemea ataogopa. Hakuogopa.

Unakumbuka ulivyomfundisha kuteremka mlima? Ulikuwa nyuma yake, umekamata fulana yake kwa nyuma, kwenye mgongo, ili asiende kasi kuliko breki yake. Miezi hiyo alikuwa anakulalamikia kila siku, "Baba, niachie!" Ukamwachia siku ulipoona anaweza. Sasa siku moja asubuhi tumepumzika pale kwenye daraja, wenzake wamelala kwenye majani wamekufa kwa uchovu, yeye yuko peke yake kando, anatabasamu. Nikamuuliza ana nini. Akasema, "Kocha, ni yeye. Ameshika fulana yangu nyuma. Nikisukuma namsikia kabisa." Akasema hivyo kama mtu anayekwambia jana amepata mgeni.

Tangu hapo akawa wa kwanza kufika barabarani. Alikuwa anasukuma, jasho linamtoka, midomo inachezacheza, anaongea na wewe. Mama yake aliniambia ameanza kula, kwamba tangu matanga alikuwa anaonja tu. Na mimi nilimtazama mgongo ule, nikamwonea wivu. Mimi ulikuwa umenikalia kimya, yeye umemshika fulana.

Wiki iliyopita Mama Jenista aliniita. Alikuwa anapanga vitu vyako, akatoa viatu vyako mwenyewe uvunguni, akasema, "Shemeji, hivi chukua, labda kuna kijana vitamtosha." Vile sikuwahi kuvigusa, vilikuwa kwenye boksi tangu siku uliyoondoka. Nikavipakata, na kwa mazoea tu, kama mtu anavyofanya, nikalisukuma gurudumu moja kwa kidole.

Likazunguka. Nikangoja lisimame. Mama Jenista akawa anaongea, akaenda kuchungulia sufuria, akarudi, na gurudumu lako bado linazunguka bila sauti.

Viatu vya Jenista vilikuwa mlangoni. Nikanyanyuka nikaenda kulisukuma la kwake. Likazunguka mara mbili, likasimama.

Nilijua palepale. Mikono yangu ilijua kabla ya kichwa. Nikamuuliza Mama Jenista ulikuwa unaweka nini, akanishangaa kwamba sijui. Akanionyesha kichupa cha mafuta ya cherehani yake. Jumapili baada ya Misa, akasema, ulikuwa unakaa karibu naye akishona, unatia tone moja moja, na yeye anakugombeza kwamba unammalizia mafuta. Tone moja! Na mimi nimeshindilia grisi ya pikipiki kwa kijiti, nikawafokea watoto siku zote hizo, nikaja mpaka kwenu kukutukana kaburini. Hukushika mguu wa mtu, Mwalimu. Wewe ulikuwa umelala zako.

Nisamehe. Nimeliandika, na nimelisoma tena kuona kama linatosha, naona halitoshi.

Nilizifungua beringi zote siku hiyohiyo, nikaziosha kwa petroli, nikazikausha juani, nikatia tone moja moja. Mzee Ng'wandu alikuwa amemrudisha Kulwa juzi yake, baada ya kutengeneza mambo anayoyajua yeye, kwa hiyo unaweza kukisia kilichotokea. Vijana walipogusa lami asubuhi iliyofuata, waliruka. Kulwa alipiga kelele ya furaha ikasikika mpaka sokoni. Mzee sasa anatembea kifua mbele, watu wanamsalimia kwa mikono miwili, na mimi sina uso wa kumbishia.

Jenista aliwapita wote. Sijawahi kumwona hivyo. Nilibadilisha gia nikambana nyuma, na kwa mwendo ule nikasema huyu anamaliza marathoni, lile gari linalookota waliopitiliza muda halitaona hata vumbi lake. Nilikuwa nacheka peke yangu ndani ya helmeti. Halafu kwenye mteremko akafunga breki, akatoka barabarani, akakaa kwenye majani, akalia.

Nilidhani ameanguka. Nikamshika magoti, nikamshika vifundo. Akanitoa mikono. "Ameniachia, Kocha," akasema. "Leo hayupo."

Mwalimu, mimi nilikuwa na jibu mfukoni, na nilishindwa kulitoa. Nilimfunga kamba za viatu ambazo zilikuwa zimefungwa vizuri. Wenzake wakatupita wakirudi, wanaimba. Tulirudi yeye amekaa nyuma ya pikipiki, na tulipofika akanikabidhi viatu, akasema Jumamosi haendi.

Nilikaa na hilo siku tatu. Nikijiambia nyamaza, atazoea. Halafu nikijiambia mtoto huyu ameachwa na baba yake mara mbili, na ya pili nimeifanya mimi kwa petroli, aijue basi. Juzi ningekwenda nikapata abiria wa Biharamulo, nikashukuru Mungu kwa abiria yule. Jana nilijikaza nikaenda. Alikuwa uani, mama yake anashona. Nikamwambia yote. Kopo, kijiti, beringi, kichupa cha cherehani. Nilimwambia baba yako hakukushika wala hakukuachia, ni ujinga wangu, nichukie mimi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Akauliza, "Kwa hiyo siku zote zile hakuwepo?"

Cherehani ilinyamaza. Mama yake alikuwa ameinua miguu, anangoja na yeye. Ningesema ulikuwepo ningekuwa nimedanganya tena. Ningesema hukuwepo, nani ameniambia? Mimi najua beringi, Mwalimu, mambo mengine siyajui. Ungekuwepo ungemwambia neno moja dogo la kwako, mambo yangekaa sawa. Mimi nilisema, "Sijui, mwanangu." Akaingia ndani akafunga mlango, taratibu, bila kuubamiza. Afadhali angeubamiza.

Leo asubuhi, kabla ya mvua, alikuja hapa kijiweni. Tulisalimiana. Akakivuta kiatu chake cha kushoto kutoka kwenye kapu langu, akakigeuza, akashika gurudumu la nyuma kabisa.

"Kocha, nirudishie ile grisi. Hili moja tu."

Nikaanza kumweleza, maana nilidhani hakunielewa jana. Nikamwambia itamrudisha nyuma, kilomita arobaini na mbili si mchezo, magoti yataumia, muda hautamngoja. Nikamwambia ni grisi tu, mwanangu, ni grisi ya pikipiki.

Akasema, "Najua ni grisi. Nirudishie."

Wenzangu wote kijiweni walikuwa wanatutazama. Kulikuwa na la kusema hapo, la kocha, na ninaamini wewe ungelijua. Nilitoa kopo chini ya kiti cha pikipiki, nikafungua gurudumu, nikapaka. Si nyingi. Alilizungusha kwa kidole, likasimama, akaitikia kwa kichwa kwamba hapo sawa. Akasema Jumamosi ataenda. Akavichukua viatu vyake vyote viwili, akaondoka.

Basi hivyo ndivyo ulivyotuacha. Jumamosi binti yako anakwenda kwenye mbio kubwa kuliko zote za maisha yake na gurudumu moja bovu ambalo kocha wake amelifanya bovu kwa mikono yake, akijua. Sijui kama atawahi. Nimehesabu kwa spidomita, nimehesabu kwa saa, kila nikihesabu napata jibu tofauti. Kama nimekosea safari hii sitasingizia mtu.

Pumzika, Mwalimu. Nikija tena Keza nitakuja kupalilia, sitakuja kukugombeza. Mama yako nitamsalimia, mkeo nitamletea mafuta ya cherehani. Na ninakuahidi jambo moja, maana mengine sina uwezo nayo: ile grisi sitaigusa mpaka Jenista mwenyewe aniambie. Inaweza kuwa mwakani, inaweza kuwa katikati ya mbio, lile gari la kuokota watu limeshamfikia visigino. Akisimama akasema, "Kocha, toa," nitapiga magoti palepale barabarani niitoe, na nitamngoja alie mpaka amalize.

Kwaheri, rafiki yangu.

Masanja